Kikaratasi Kilichosema O

Mbambu, anayeshika labo ya hospitali, yaani maabara, baada yangu, aliniomba niache kitu kwa maandishi kabla sijasahau. Nafikiri alitarajia niandike namna ya kutunza mikroskopi. Hayo nayo yamo humu, kidogo. Lakini nikikaa mbele ya nyumba yangu hapa Mulekera, mtaa wa Beni, mikono haina kazi, kinachonirudia kichwani si mashine. Ni mtu na mke wake na binti yao, na kikaratasi kimoja cha njano. Ninaandika Kiswahili cha shule kama masista walivyotufundisha. Watu wengine nitawaacha waseme kama walivyosema.

Nilianza kazi Butembo, katika hospitali moja ya misheni, nikiwa na diploma mpya na koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi hadi likawa gumu kama ubao. Siku ya kwanza nilitarajia kuonyeshwa mikroskopi. Papa Mbusa, mkuu wa labo, alinionyesha sufuria. Ilikuwa ya kuchemshia vibomba vya kioo vya kuvutia damu, na kwa miezi miwili sikugusa kitu kingine. Mikroskopi yenyewe haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, na tuliiweka dirishani ili kioo kishike jua. Wanaojua Butembo wanajua ukungu wake wa asubuhi. Malaria ya watu ilisubiri mpaka ukungu uondoke. Siku hizi nikisikia vijana wa labo wanalalamika kwamba tableti inachelewa kuwaka, nanyamaza.

Papa Mbusa alikuwa mtu mfupi, Mprotestanti wa kweli, aliyeimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini kila alipohesabu vijidudu. Akifika ubeti wa tatu tulijua mgonjwa yuko vibaya. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Kitu alichokirudia kila asubuhi kilihusu kundi la damu. Kwa wale ambao hawajafanya kazi yetu: tunatia tone la damu kwenye kigae cheupe, tunaongeza tone la dawa inayoitwa serumu, tunakoroga kwa kijiti. Damu ikikatikakatika kama maziwa yaliyoharibika, imejibu. Ikibaki laini, haikujibu. Damu inayojibu serumu ya A ni kundi A, ile inayojibu ya B ni B, na ile isiyojibu yoyote tunaiita O. Sasa, serumu ikiharibika kwa joto, hakuna damu itakayoijibu, na watu wote watakuwa O. Ndiyo sababu Papa Mbusa, kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, alinichoma mimi. Mimi ni A.

"Serumu ikujibu weye kwanza," alisema. "Kiisha utaamini ile inasema juu ya bengine."

Vidole vyangu vya mkono wa kushoto vina alama za miaka hiyo. Mke wangu alifikiri ninashona.

Katika mwaka wa pili aliletwa mtoto mchanga aliyehitaji damu haraka. Nilipima mama, nikapima baba, nikapima mtoto. Niliandika yote matatu kwenye mstari mmoja, kisha nikasimama. Kwa yale niliyosoma shuleni, mtoto yule hakuweza kutoka kwa yule baba. Nilichukua karatasi nikaelekea mlangoni. Papa Mbusa alinishika mkono wa koti.

"Unaenda wapi na ile karatasi?"

"Papa, angalia. Damu ya mutoto na ya baba hazipatane. Haiwezekane akuwe..."

"Batu balituomba nini?"

"Damu ya kupatia mutoto."

"Uliipata?"

"Niliipata."

"Basi, peleka damu."

Nilipeleka damu, mtoto akapona, na yule baba akatuletea kuku. Papa Mbusa alimpokea kuku kwa adabu na hatukulizungumza tena. Kwa miaka mingi tulikaa hivyo. Siri ilikuwa rahisi kutunza, kwa kuwa ilikaa katika kitabu kimoja, kitabu kilikaa katika kabati moja, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa mtu mmoja. Kama tulifanya vema au vibaya, sikujiuliza sana. Tulikuwa na foleni ya watu.

Papa Mbusa alipostaafu nikawa mkuu mahali pake, na baada ya miaka mingine nikahamia Beni, kwenye hospitali ndogo iliyokuwa na bahati ya kupata mradi. Mradi ulileta mashine ya kuhesabu chembe za damu, taa za jua, na mwishowe tableti. Walituita kwenye mafunzo ya siku tatu, tukala mikate na soda, tukaelezwa kwamba tangu sasa majibu yataandikwa mara moja tu, na yenyewe yatakwenda kwenye simu ya mgonjwa. Mgonjwa hatasafiri tena kuja kuchukua karatasi. Niliinua mkono.

"Simu ya nani?"

"Ya mgonjwa, Papa."

"Mgonjwa ana miaka minne."

Walicheka vizuri, wakaandika kitu kwenye daftari. Nami nilicheka. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba ulizo linaloandikwa kwenye daftari limekwisha. Na kusema kweli, ile programu ilisaidia watu wengi. Mama wa kutoka mji wa Oicha, aliyekuwa akipoteza siku nzima barabarani, aliacha kuipoteza. Siandiki haya kuitukana.

Binti aliitwa Grâce, alikuwa na miaka minane. Malaria ilikuwa imemmaliza damu mpaka viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Baba yake, Kasereka, alikuwa seremala wa madawati ya shule. Mama yake, Kavira, aliuza samaki sokoni, wale wa chumvi wanaoitwa bitoyo, kutoka Kyavinyonge ya ziwani, kwao alikozaliwa. Siku tisa alilala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto. Tulimpima Grâce, akawa A, tukamtilia damu ya A, akaanza kuomba chakula. Tableti ikatuma jibu. Simu iliyoandikwa kwenye fomu ilikuwa ya baba.

Wiki tatu baadaye Kasereka alikuja labo asubuhi. Alisubiri kwenye benchi hadi wagonjwa wote wakaisha, kisha akaingia, akavua kofia, akaweka mezani vikaratasi viwili vya njano na simu yake.

"Papa labo, sikuye na fujo," alisema. "Nakuya kuuliza."

"Uliza."

"Wakati ya ndoa, kanisa ilitutuma kupima damu. Njo hizi karatasi. Miye niko O. Mama Grâce iko O. Sasa mutoto, beye banasema iko A. Niliuliza simu, ile programu yenye kujibu batu. Niliandika vile vyote, ikanijibu mara moja: haiwezekane. Nikauliza tena na Kifaransa. Ikasema ile ile, na adabu mingi."

"Ulimuambia nani?"

"Familia. Kwenye groupe ya familia."

"Beko bangapi mule?"

Aliitazama simu kama mtu anayetazama jeraha. "Makumi ine na kitu." Watu arobaini na zaidi.

"Na mama Grâce?"

"Nilimutuma kwao. Iko Kyavinyonge na mutoto. Bakubwa banaongea juu ya kuvunja ndoa."

Simu haikudanganya. Ndilo somo lile lile nililosoma nikiwa kijana: wazazi wawili wa O hawazai mtoto wa A. Ilipewa vitu vitatu, ikavijumlisha sawasawa. Haikumjua Kavira wala zile siku tisa za sakafuni. Iliulizwa ulizo ambalo mtu wa labo asingelijibu kabla ya kufunga mlango, na yenyewe haina mlango wa kufunga.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Ningesema tableti ilikosea, mtoto ni O, nenda nyumbani. Angeniamini, alitaka kuniamini. Lakini mtoto alikuwa ametiliwa damu ya A, na angehitaji damu siku nyingine, na mtu wa zamu angesoma O niliyoiandika kwa huruma. Huruma ya namna hiyo inaweza kuua. Nikasema lile la kweli nililokuwa nalo.

"Karatasi inaweza kukosea. Tunaweza kupima upya."

Alinyosha kidole pale pale.

"Hapana leo," nilisema. "Mupaka mama Grâce akuye."

"Juu ya nini? Damu iko yangu."

"Damu iko yako. Lakini jibu itaanguka juu yake. Sherti nimuulize yeye."

Aliondoka bila kuaga. Wakati ule nilifikiri ninachelewesha mambo tu.

Kavira alifika baada ya siku nne, juu ya gari la samaki, mtoto akiwa amefunikwa kwa shuka. Nilimpeleka peke yake kwenye chumba cha kupimia watoto uzito, nikafunga mlango.

"Mama," nilisema, "nikipima, nitaona. Nikiona, sitaweza kusema sikuona. Kama hautaki, nitamuambia bwana yako kama ni labo yenye ilikataa. Hatajua ni weye."

Alikaza kitenge chake.

"Papa, soko yote inajua. Bananunua samaki, bananiangalia kama ninaiba. Kukataa itanisaidia nini?"

"Haitakusaidia."

"Basi pima. Unaona minaogopa, eeh? Hapana juu ya kitu nilifanya. Minaogopa juu ile mashini ilishakosea mara moja. Nani atanihakikishia haitakosea mara mbili?"

"Sitatumia mashini. Nitatumia mikono."

"Mikono ya nani?" aliuliza. Lilikuwa ulizo zuri kuliko alivyojua.

Asubuhi ile nilikuwa nimejichoma kidole mara mbili kabla ya wao kuingia, na serumu ilinijibu vizuri. Nilichukua damu ya wote watatu, nikaandika namba chini ya kigae badala ya majina, nikamwita Mbambu kutoka chumba cha pili. Hakujua tone gani ni la nani. Nilimwomba akoroge na asome kwa sauti. Kasereka alisimama upande mmoja wa meza, Kavira upande wa pili, Grâce katikati, kidevu chake kikiwa sawa na meza.

"Numero moja, O," Mbambu alisema. Huyo alikuwa Kavira.

"Numero mbili, A." Grâce.

Alikoroga tone la tatu. Niliona damu ikianza kukatika kabla hajasema.

"Numero tatu, A."

Nilifungua chupa mpya ya serumu, tukarudia. Tukarudia tena. Kila mara tone la Kasereka liligeuka vipunje. Grâce alikuwa akiangalia kigae kwa makini kama anayelinganisha kandambili.

"Ya papa na yangu zinafanana," alisema.

Hapo ndipo nilipochukua kikaratasi cha njano cha baba yake. Siku ya kwanza sikukisoma, nilikuwa nikitazama uso wa mwenye kukileta, na hilo nalihesabu kuwa kosa. Sasa nilikipeleka dirishani. Mhuri ulikuwa wa hospitali yetu ya Butembo. Kundi: O. Na chini yake saini yenye mkia mrefu, ambayo nilikuwa nikiitia wakati ule nilipojiona mkubwa.

Wiki ambayo kikaratasi kile kiliandikwa niliikumbuka nikiwa nimesimama pale pale. Sikuwa kijana, nilikuwa tayari mkuu wa labo. Betri ya friji ilikuwa imekufa na fundi alikuwa amezuiliwa njiani. Chupa ya mwisho ya serumu ya A ilikaa juu ya rafu siku kadhaa, kando ya dirisha. Ulikuwa msimu wa ndoa, wachumba walijipanga hadi kwenye ngazi. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa mzoefu, nilikuwa nimeacha kujichoma kidole. Wiki ile nzima sikupata A hata mmoja, na sikushangaa. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo kinanishangaza.

Mbambu alikuwa ameiona saini. Ningeweza kusema, "Labo ya Butembo ilikosea," na lingekuwa neno la kweli kabisa. Hakuna ambaye angeuliza zaidi.

"Ni miye," nilisema. "Hii saini ni yangu. Serumu ilikuwa ya kuharibika na sikuihakikisha. Kasereka, weye uko A tangu ulizaliwa. Mutoto iko wako. Mama Grâce hakufanya kitu."

Kasereka alishika ukingo wa meza. "Papa labo. Nilimufukuza bibi yangu juu ya karatasi yako."

"Ndiyo."

Kasereka alianza kulia bila sauti, akigeukia ukuta. Kavira hakulia. Alimvuta Grâce karibu naye, akaniuliza, sauti ikiwa chini kabisa:

"Na kama ile karatasi ilikuwa ya kweli, ungemuambia nini?"

Nimejibu maulizo mengi ya wakaguzi, ya madaktari, ya watu wa mradi.

"Sijue, mama," nilisema.

Alitikisa kichwa kidogo. Nafikiri kama ningejibu vingine asingeniamini tena kwa lolote.

Kasereka alijipangusa uso. "Mama Grâce, twende."

"Twende wapi? Uliniondoa mbele ya batu makumi ine. Unirudishe mbele yabo."

Basi tulitoka uani, kando ya tangi la maji, na Kasereka akarekodi sauti yake kwa ajili ya familia. Mara ya kwanza alisema kulikuwa na erreur, kosa tu. Kavira alikataa. "Sema nani alikosa." Akarekodi tena: alisema yeye alimhukumu mke wake bila kumwuliza, na kwamba Grâce ni wake. Nikaomba simu. Nilisema jina langu na kazi yangu, nikaeleza kosa langu kwa watu ambao sijawahi kuwaona. Ni ajabu kusema vile kwa kitu kisichokutazama usoni. Wengi walijibu kwa vipicha vya mikono ya kusali. Shangazi mmoja aliandika kwamba kama labo ilikosea mara ya kwanza, nani anajua kuhusu mara hii. Alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyempa hiyo haki.

Kavira alirudi Kyavinyonge wiki mbili nyingine. Kasereka alimfuata, na waliyoambiana huko si kazi ya labo. Sasa wako pamoja hapa Beni. Nikienda sokoni Kavira ananichagulia samaki mwenyewe, si mkubwa wala si mdogo.

Kuhusu ujumbe wa simu, niliwaandikia watu wa mradi barua tatu, Mbambu akaandika ya nne, yenye Kifaransa kizuri kuliko changu, na hiyo ndiyo iliyofanya kazi. Tangu hapo simu inasema tu: "Majibu yako tayari. Uje labo." Mama wa Oicha anasafiri tena, na hilo linaniuma. Sijapata njia iliyo safi pande zote. Nyinyi mnaobaki mtafute.

Kilichobaki kilikuwa wiki ile ya serumu mbovu, na wengine niliowapima. Nilimweleza mganga mkuu. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, akapendekeza tusome majina redioni. Nilimkatalia. Mtu akisikia jina lake redioni pamoja na neno damu, kartiye nzima, yaani mtaa wote anamokaa, itamaliza sentensi yenyewe. Nilipata ruhusa, nikapanda gari kwenda Butembo siku njia ilipofunguliwa, wakanifungulia stoo. Kitabu kilikuwa na ukungu lakini kilisomeka. Kwanza nilitafuta kama kuna aliyetoa au kupewa damu kwa sababu ya kurasa zile. Kila chupa ya damu ilikuwa imepimwa tena pamoja na damu ya mgonjwa kabla ya kutiliwa, desturi ambayo kwa bahati sikuiacha, na sikuona aliyedhurika. Nilikaa juu ya gunia la maharagwe nikapumua.

Kisha nikanakili majina ya wote niliowaita O. Niliwatafuta mmoja mmoja, kwa simu, kwa ndugu, kwa maparokia, nikisema tu kwamba labo inataka kuhakikisha karatasi ya zamani. Wengi walikuwa O kweli. Watatu walikuwa A, wakacheka, wakachukua karatasi mpya. Siku yangu ya mwisho ya kazi ilifika kabla orodha haijaisha. Wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba. Jina moja lilibaki: Mwalimu Paluku, wa Lubero.

Nilikwenda Lubero nikiwa mstaafu wa wiki mbili, na sanduku la baridi magotini. Baridi ya kule sikuizoea tena. Mwalimu Paluku alikuwa akikaa nyuma ya shule ya misheni, nyumba ya mbao yenye shamba la viazi hadi mlangoni. Mke wake, Mama Katungu, alinisalimia kwa Kinande, akanipa kiti karibu na mbabula, jiko la makaa, akaenda jikoni. Mtoto wao wa pekee alikuwa bado darasani.

Nilieleza. Mwalimu alinisikiliza akiwa ameunganisha mikono, kama wanavyosikiliza walimu. Nilijichoma kwanza mimi, kisha yeye. Tone lake likakatika.

"Uko A, Mwalimu. Ile karatasi nilikosea."

Aliendelea kukitazama kigae. "Uko na hakika?"

"Tutarudilia mara tatu."

Tulirudilia mara tatu. Ndipo alipoinuka, akausukuma mlango wa jikoni polepole hadi ukafunga, akarudi kukaa.

"Papa, miye nafundisha biolojia," alisema kwa sauti ndogo. "Kila mwaka naandika kwenye ubao: O na O, A haitoke."

Nilielewa kabla hajaendelea. "Mama Katungu iko O?"

"Iko O. Na mutoto iko A. Balimupima akiwa na miezi saba. Ile karatasi niliisoma mara moja tu, nikaikunja."

"Ukamuambia nani?"

"Nani?" Alinitazama kama vile sikuelewa somo. "Ilikuwa miezi mubaya, sitakudanganya. Nilikuwa natoka asubuhi, narudia magaribi, simushike hata mukono. Kiisha akagonjwa. Mama yake alimubeba, akakataa. Alikuwa ananyoshea miye mikono. Nikamupokea. Na nikaona kama nilishajibu."

Nje watoto wa shule walikuwa wakitoka. Aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza, kama anayetafuta sauti moja kati ya nyingi.

"Miaka nane," alisema. "Kumbe iko wangu."

"Iko wako, Mwalimu."

"Alishakuwa wangu." Akapitisha mkono usoni. "Kitu kimoja nakuomba. Mama yake asijue kama nilishamufikiria vile. Hata siku moja."

Miaka yote ya kazi, na hapa tena mtu ananikabidhi siri, bila kabati, bila ufunguo. Nilimwahidi. Nimebadilisha majina na mahali kidogo ili niweze kuandika, na Mbambu anajua nilivyofanya.

Nilikuwa nikiandika karatasi mpya wakati Mama Katungu aliposukuma mlango kwa kiwiko, akiwa na sahani mbili za viazi na maharagwe.

"Na sasa?" aliuliza. "Mulimupima, mukaona nini?"

"Papa labo alikuya kutengeneza karatasi yangu ya zamani," mume wake alisema. "Niko A."

Alisimama kidogo, sahani mikononi, akimtazama. Sijui alihesabu nini juu ya karatasi ya zamani na damu ya mtoto, wala kama alihesabu. Kisha aliweka sahani mezani, moja mbele yangu, moja mbele ya mume wake, akampangusa bega kana kwamba palikuwa na chaki.

"Wasingya, Papa," aliniambia, akinishukuru kwa Kinande. "Mukule, viazi vinapoa."

Tukala.